Mwaka Usiohesabiwa Bila Mume

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi, kwenye kliniki ya wazazi pale Kibondo mjini, na aliyeumaliza ni mume wangu wa kuazima.

Nieleze. Kwenye kile kituo, ambacho sikitaji hapa kwa sababu nimeshakitaja panapohusika, kulikuwa na utaratibu wao: mwanamke aliyekuja na mume anakaa benchi la mbele na kuhudumiwa kwanza, aliyekuja peke yake anakaa nyuma mpaka wenye waume waishe. Nia ilikuwa njema, wanaume washiriki mambo ya uzazi. Matokeo yake pale getini ikazuka kazi mpya. Vijana wa bodaboda walikuleta kliniki, na ukiwaongeza kidogo juu ya nauli waliingia na wewe wakawa waume. Mmoja wao, mrefu, mwenye koti la mvua hata kiangazi, aliwashinda wote. Alijua kushika mkoba wa mke. Alijua kusinzia kama baba aliyekeshea mtoto. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemchukua mimi.

Asubuhi hiyo ya mwaka 2015 nilikuja peke yangu. Yeye alikuwa benchi la mbele na binti mwenye mimba kubwa, kashika mkoba wa binti, anasinzia.

Foleni ilipofika kwangu, wao walikuwa wameshaandikishwa na wanangoja binti aitwe kupimwa. Nikasimama mbele ya meza. Nesi alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, lakini utaratibu alikuwa ameshaukariri.

"Shida yako, mama?"

"Natafuta mtoto wa pili, sista. Mwaka jana niliambiwa nirudi baada ya mwaka. Nimerudi."

"Mume yuko wapi?"

"Kazini."

"Basi hatujaanza. Mwaka wa kutafuta mtoto tunauhesabu tangu siku mmekuja wote wawili. Ukija peke yako tutajuaje kama mnatafuta wote?"

"Mwaka jana nilikuja na mume."

"Vizuri. Mlete huyohuyo, tuendelee."

Huyohuyo! Nikageuka, nikanyoosha kidole.

"Huyo hapo."

Benchi zima likageuka. Mwenye koti la mvua akaamka usingizini bila kuigiza.

"Baba," nesi akamwita, "huyu mama ni nani wako?"

"Abiria, sista."

Wanawake wakacheka mpaka watoto wakaanza kulia. Mama mmoja mtu mzima akapiga makofi: "Yooo! Baba, na mimi nichukue kwenye mzunguko wa jioni!" Yule kijana akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, tusifikishane huko. Mimi niko kazini."

"Na mimi nilikuwa kazini mwaka mzima," nikamjibu, kisha nikamgeukia nesi. Niliyoyasema sitayarudia yote. Nilimwambia kwamba daftari lao limejaa waume wa pikipiki. Nikamwambia kuwa wanaume wa wilaya nzima hawashiriki chochote isipokuwa yule mmoja, na yeye anashiriki kwa malipo. Nesi akasimama.

"Wewe mama ni msumbufu. Toka, urudi ukiwa na mume na adabu."

Nikatoka. Getini yule binti mwenye mimba alinifuata, kitenge amejifunika mpaka puani, naye amefukuzwa.

"Dada," akaniambia, "ungeniacha nipimwe kwanza, halafu ndiyo upige kelele."

Nilimsindikiza mpaka stendi, kisha nikakaa kwenye jiwe na kuhesabu upya. Kwa hesabu ya kliniki nilikuwa sijaanza. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimetafuta mtoto tangu 2012.

Binti yangu wa kwanza nilimzaa muda si mrefu baada ya kumaliza kidato cha nne Kasulu na kuolewa Kibondo. Kuzaa kwenyewe kulikwenda salama, ila siku chache baadaye nikashikwa na homa ya kutetemeka, tumbo la chini linawaka, na harufu niliyoona aibu kuisema. Nikapewa vidonge. Homa ikaisha, tumbo likawa linauma mara mojamoja, nikasema ndio uzazi. Mtoto alipoachishwa ziwa na kuanza kukimbiza kuku, tukaanza kutafuta wa pili. Mume wangu ni fundi seremala. Kitanda alikitengeneza mwenyewe, mninga mtupu, na mtu asiniambie kwamba tulikuwa hatukitumii.

Mwaka wa kwanza ukapita bila kitu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kila mtu ana kalenda ya tumbo langu isipokuwa mimi.

Kalenda ya wifi yangu, dada wa mume, ilikuwa ya kila mwezi. Alikuja kuchota maji kwetu, ananitazama kiunoni. "Wenzako wanabeba mimba, wewe unabeba ndoo." Kalenda ya mzee wa kanisa ilikuwa ndefu. Alinikumbusha mwanamke wa kwenye Biblia aliyezaa akiwa kikongwe, nami nikiwa na miaka ishirini na tatu niliona foleni hiyo imezidi. Kalenda ya mama mkwe ilifuata shamba. Jioni moja tulikuwa tunamenya muhogo nyuma ya nyumba yake, akanyoosha kisu kuelekea migombani.

"Unauona ule? Umeshazaa mkungu wake. Kesho naukata."

"Ndiyo, mama."

"Mgomba ndio huzaa mara moja. Mimi sikumlipia mwanangu mahari ya mgomba."

"Mgomba unaacha machipukizi, mama."

"Basi nionyeshe."

Akaendelea kumenya. Alikuwa ameshaniletea dawa za majani, chungu kizima, chungu kama maneno yake, nami nilizinywa zote kwa sababu sikutaka aseme sikujaribu. Sasa akanipa tarehe: maharage ya msimu ule yakivunwa na mimi bado, atapeleka watu Buhigwe. Huko kulikuwa na binti aliyekuwa amemwona kwenye msiba, na sifa zake zote zilikuwa kuanzia kiunoni kushuka chini.

Ndiyo nikaenda kliniki mara ya kwanza. Peke yangu, mchana kweupe, kama msomi. Nesi wa wakati huo, mtu mzima, mpole, akaniuliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye mmoja.

"Sasa wewe unalia nini? Wasio na hata mmoja wasemeje? Wewe si mgumba, mwanangu. Nenda nyumbani, utulie."

Nikamuuliza nitulie mpaka lini. Ndipo akanieleza habari ya mwaka. Mwanamke kijana anatafuta mwaka mzima kwanza. Nikasema mwaka umeshapita. Akasema huo niliuhesabu mwenyewe. Wa kwao unaanza siku mume anapofika.

Kama angeniuliza swali moja tu juu ya kule kuzaa kwangu, ningemwambia habari ya homa. Hakuniuliza, na mimi sikujua kwamba ni habari.

Nikarudi kwa mume. Alikuwa anapiga randa mlango wa mtu.

"Kliniki wanakutaka."

"Mimi? Nina mimba?"

"Wanataka twende wote, waanze kuhesabu."

Akasimamisha randa, akamwonyesha binti yetu aliyekuwa anacheza kwenye takataka za mbao. "Cheti changu kile pale kinakula vumbi. Nikapimwe nini tena?"

"Na mimi cheti changu si ndicho hichohicho?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, kwa hiyo siwezi kusema ni mtu mjinga. Kisha akasema, "Ninyi wanawake mambo yenu ni mengi," akarudi kwenye mlango.

Wanaume wa kwetu wanaogopa benchi lile kuliko mamba wa Malagarasi. Ukionekana umekaa pale na mkeo bila mimba, hadi jioni soko zima linajua kwamba wewe ndiye huna kitu. Nilimbembeleza. Nikanuna. Msimu wa maharage ukaja, mama mkwe akanitazama tumbo, watu wakaenda kweli Buhigwe, wakarudi na salamu na habari kwamba binti bado yupo. Mume akamwambia mama yake asubiri kwanza. Kwanza, alisema. Neno hilo nililala nalo.

Ndipo nikamchukua mwenye koti la mvua.

Alifanya kazi yake kwa moyo. Tukaketi benchi la mbele, tukaitwa kwanza. Tukapimwa damu wote wawili, tukapewa somo la maelewano ndani ya nyumba, naye akaitikia kwa kichwa hasa pale waliposema mume amsikilize mke. Yule nesi mtu mzima alifurahi.

"Umeona? Umemleta. Haya, baba, mna watoto wangapi?"

"Wanne," akasema, kwa sababu nyumbani kwake ana wanne.

"Mmoja," nikasema mimi.

Tulisema kwa pamoja. Nesi akaweka kalamu chini, akamtazama yeye, akanitazama mimi, na nikaona uso wake unanionea huruma.

"Kumbe baba ana wengine nje."

Mume wangu akainamisha kichwa. Alijua kutubu pia.

"Basi jambo liko wazi," nesi akasema. "Baba hana tatizo, ana wanne. Tatizo ni la mama. Na wewe mama ushukuru. Mwanaume mwenye wanne nje halafu anakuja kukaa na wewe kliniki! Wengine wangeshakuacha."

Ningesema nini? Niseme huyu si mume? Ningefukuzwa, na mwaka usingeanza. Nikashukuru. Kwa hiyo pale Kibondo iliamuliwa kitaalamu kwamba mimi ndiye mwenye kasoro, kwa ushahidi wa watoto wanne wa mwanamke mwingine kabisa, ambaye wakati huo alikuwa shambani kwake akilima mihogo. Tukaambiwa mwaka unaanza leo, turudi ukiisha. Nje mume akanirudishia mkoba, akawasha pikipiki, akasema, "Mungu atajalia, dada," na nadhani alimaanisha.

Nikausubiri huo mwaka kama mfungwa. Mama mkwe aliendelea na kalenda yake, mavuno kwa mavuno, na mume aliendelea kusema kwanza. Ulipoisha nikarudi, na mengine nimeshayaeleza.

Siku mbili tatu baada ya kufukuzwa nilipanda basi la Kasulu. Nilimuaga mume kwamba nakwenda kumwona mama yangu, na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu nililala kwake. Barabara ilikuwa vumbi jekundu mwanzo mpaka mwisho. Nikafika na nyusi nyekundu kwenye hospitali ya misheni upande ule, nikajiandaa kueleza mume yuko wapi.

Daktari alikuwa mwanamke wa Tanga, amevaa ushungi, anaongea taratibu kama mtu asiye na foleni, na foleni ilikuwa imefika uani. Mwaka ule wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wameanza kuingia na kila kitanda kilikuwa na watu.

"Umetafuta tangu lini, dada yangu?"

"Kuhesabu kwangu au kwao?"

"Kwako. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Nikamwambia. Akaandika nilichosema, vilevile. Akaniuliza siku zangu zinakwenda vipi, tumbo linauma wapi, tunakutana mara ngapi na mume, nikamtajia kile kitanda cha mninga, akacheka. Halafu akauliza: "Ulipojifungua yule wa kwanza, ulipata homa?"

Nikamweleza yote, na harufu pia. Akaacha kuandika.

"Nani mwingine anajua habari hii?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Akanieleza polepole. Mwanamke wa umri wangu ambaye hana dalili yoyote anaweza kutafuta mwaka mzima bila wasiwasi, wengi hushika ndani ya mwaka huo. Ukipita, aende hospitali. Aliyevuka miaka thelathini na mitano asingoje kiasi hicho. Na mwenye kitu cha kutiliwa shaka, siku zisizoeleweka, maumivu ya tumbo la chini, au homa ya uzazi kama yangu, huyo hana mwaka wa kungoja. Anakuja mara anapoona hashiki. Na kuwa na mtoto wa kwanza hakumaanishi njia ya wa pili iko wazi.

"Kwa hiyo ule mwaka?"

"Haukuwa wako. Ulikuwa wa mtu mwingine."

"Na mume?"

"Aje. Nusu ya jambo ni lake na kipimo chake ni rahisi kuliko vyako vyote. Lakini asipokuja leo sitakurudisha kwa sababu yake. Panda kitandani nikuangalie."

Nililia pale kitandani, si kwa maumivu. Aliniangalia, akanipa dawa na siku ya kurudi kupigwa picha ya mirija ya uzazi, ambayo homa ile huenda iliiziba.

Nilipofika nyumbani Kibondo habari za kliniki zilikuwa zimetangulia. Soko halihitaji redio. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Mwanamume mmoja alikuwa amepita karakana akamuuliza kama mume mwenzake hajambo.

"Nani alikwenda kuwa mimi?"

"Aliyekuwa na nafasi."

"Ukakaa naye benchi moja, mbele za watu!"

"Na tukapimwa damu. Ni mzima, kama unataka kujua. Ana watoto wanne."

"Unanitukana."

"Wewe ndiye uliyesema wanawake mambo yetu ni mengi. Nikayapunguza, nikampa mwingine nusu yako."

Akasimama, akazunguka nyumba, nikasikia anapiga teke ndoo. Aliporudi alikuwa hana tena cha kupiga. Nikamweleza habari ya homa, na mirija, na kwamba mwaka tuliokuwa tunaupigania haukuwa wetu.

"Ile homa ninaikumbuka," akasema. "Ulikuwa unaongea peke yako. Nilidhani unakufa."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Hapo tulifanana. Tulipanda basi pamoja. Kipimo chake kilikuwa kizuri, na alikibeba mfukoni kama kitambulisho. Changu hakikuwa kizuri hivyo. Mrija mmoja ulikuwa umeziba kabisa, wa pili unapitisha kwa shida. Daktari hakunificha. Alisema nafasi ipo, si kubwa, na ingekuwa kubwa zaidi kama ningetibiwa mapema, kabla makovu hayajakaza. Mume akauliza mapema ni lini. Akasema, mlipoona tu hamshiki.

Njiani kurudi, tulipokaribia Kibondo, mume akasema atamwambia mama yake aache habari za Buhigwe. Nikamuuliza, aache kwanza, au aache? Akasema aache. Alimwambia kweli, nikiwepo. Mama mkwe alisema amesikia, na kusikia si kukubali, lakini hakutuma watu msimu ule.

Mimi nikaingia kwenye shughuli yangu. Pale kliniki kulikuwa na sanduku la maoni ukutani, kufuli limeshika kutu, na kwenye tundu lake mtoto wa mtu alikuwa ametumbukiza kibunzi cha hindi. Nikanunua karatasi za mistari na bahasha, nikaenda ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Karani wa mapokezi, kijana mwenye heshima zake, akasoma juu ya barua.

"Dada, neno 'malalamiko' ni kali kidogo. Andika 'maoni'. Maoni yanashughulikiwa vizuri."

"Maoni ninayo mengi, kaka. Haya ni malalamiko."

"Watakuuliza umeandikiwa na nani."

"Waambie nimesoma Kasulu."

Akapiga muhuri kwenye nakala yangu. Ninayo mpaka leo, na ukiondoa jina la kituo inasema hivi:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUKATALIWA HUDUMA KWA KUTOKUWA NA MUME

Mheshimiwa Mganga Mkuu, mimi ni mwanamke mwenye ndoa na mtoto mmoja. Nimetafuta mtoto wa pili tangu mwaka 2012. Katika kituo kilichotajwa hapo juu nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilikuja peke yangu, nikaambiwa muda wangu hauhesabiki. Mara ya pili nilikuja na mwanamume ambaye si mume wangu, nikapokelewa vizuri sana. Mara ya tatu nilikuja peke yangu tena, nikafukuzwa. Mwanamume huyo simtaji, wala wanawake wengine waliokuja naye. Hawakuutunga utaratibu huu, waliutii.

Katika mara zote tatu hakuna aliyeniuliza habari ya uzazi wangu wa kwanza, ambao ulifuatiwa na homa kali. Hospitali nyingine iliniuliza siku ya kwanza. Imeonekana mrija mmoja umeziba na wa pili umeharibika kiasi, na nimeambiwa kuwa ucheleweshaji umechangia.

Naomba mambo yafuatayo yafanyike bila kungoja mimi nipate mtoto au nikose. Mwanamke anayekuja peke yake asikilizwe siku hiyohiyo. Muda aliotafuta uhesabiwe tangu alipoanza kutafuta. Aulizwe maumivu yake kabla ya kuulizwa mume wake. Na katika daftari la kituo, pale palipoandikwa kwamba mume wangu ana watoto wanne na tatizo ni la mke, pafutwe, kwa kuwa mume wangu ana mtoto mmoja, ambaye ni wangu.

Naomba nijibiwe kwa maandishi.

Chini yake nimeandika majina yangu yote matatu na kutia saini.